Wifi Yangu na Lenzi Nyeupe

Watu wanaponiuliza habari za wifi yangu Ghausia huwajibu kwa kifupi: ni fundi, ni mpole, na laiti mdogo wangu Khalik angeoa kwingine. Wanacheka, wakidhani natania. Basi leo nitasema kwa kirefu, maana nusu ya nyumba za mtaa huu zina picha zake ukutani, na mimi ndiye niliyemfundisha kushika kamera.

Alikuja kutoka mji wa Bidar miaka tisa iliyopita. Baba yake hutengeneza vile vyombo vyeusi vya huko, vinavyochorwa maua kwa uzi wa fedha, mtu wa kukaa siku nzima juu ya kifuniko kimoja cha sanduku la tambuu. Ghausia aliirithi subira hiyo yote. Wiki ya kwanza nyumbani kwetu, mtaani Shah Ali Banda, hakusema lolote zaidi ya "ndiyo, wifi" na "chumvi imetosha, wifi?" Msichana aliyekuwa akinishikia taa kazini alikuwa ameolewa, nami nilikuwa na harusi tatu wiki ile. Nikampa Ghausia taa. Mwaka wa pili nikampa na kamera yangu ya zamani. Ukiniuliza kosa langu lilianzia wapi, lilianzia hapo.

Kazi yetu ni upande wa wanawake. Wanaume wana wapiga picha wao. Kwetu haingii mwanamume ila bwana harusi mwenyewe, naye huingia ameinamisha kichwa, maua yamemning'inia usoni mpaka kidevuni. Kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa, na kwa muda wote huo nilikuwa na lenzi moja ya maana. Ilikuwa fupi na nene, ukubwa wa kikombe cha chai, haivuti wala haisukumi. Ukitaka mtu aonekane mkubwa, unamsogelea kwa miguu yako. Nilikuwa nimeitia doa la rangi nyekundu ya kucha pale inapokutana na kamera, ili niweze kuifunga bila kutazama.

Lenzi ile ilikuwa ya jalwa. Ndoa ikishafungwa, bwana na bibi harusi huketishwa bega kwa bega wakiwa wamefumba macho, shali inatupwa juu ya vichwa vyao, kinapitishwa kioo chini yake, na ndani ya kioo hicho wanatazamana kwa mara ya kwanza kama mume na mke. Siku hizi wengi wameshatumiana picha za simu miezi sita kabla, lakini hilo halijapunguza kitu. Nimeona vijana wenye kampuni zao wakitetemeka mikono chini ya shali. Mpiga picha huingiza kichwa na mkono humo ndani, karibu kiasi cha kusikia pumzi zao, anapiga mara mbili au tatu, basi. Hairudiwi. Mimi nimeingiza kichwa changu chini ya shali za watu zaidi ya mia nne, na mjini huku wananiita Tahniyat wa Jalwa.

Sasa, kaka yake Ghausia anafanya kazi Jeddah. Miaka miwili iliyopita alikuja likizo na kumletea dada yake zawadi ndani ya sanduku kubwa kuliko sanduku la viatu: lenzi ndefu, nyeupe, ya kuvutia vitu vya mbali. Ghausia aliishika kwa mikono miwili kama anavyoshikwa mtoto mchanga. Mimi nikasema, "Hongera, wifi," nikaenda jikoni kutazama sufuria ambayo haikuwa na kitu.

Niliona wivu. Sitalizungusha neno hilo. Nilianza kuona wivu siku ile na sikupumzika hata siku moja. Harusi ya kwanza aliyokwenda nayo, ukumbini Tolichowki, wanawake walimpisha njia bila kuombwa. Mimi kwa miaka kumi na tisa nimepita katikati yao kwa viwiko na "samahani mama, samahani dada." Yeye alisimama tu karibu na mlango, hatua ishirini kutoka jukwaani, akampiga picha mama wa bibi harusi akijifuta chozi kwa ncha ya mtandio, mama mwenyewe hana habari. Picha ile ilizunguka kwenye simu za mji mzima. Shangazi yangu wa Mehdipatnam, ambaye katika maisha yake hajawahi kusifia hata biriani ya mtu, alinipigia akaniuliza, "Ni kweli huyo ni Ghausia wenu?"

Nikaanza kumpiga vijembe mezani.

"Lenzi nzuri hiyo," nikamwambia mbele ya Khalik. "Inamfaa mtu anayeogopa kusogea."

"Kweli, wifi," akajibu Ghausia huku akinimiminia chai. "Mimi naogopa."

Hebu niambieni, mtu wa namna hiyo unagombana naye vipi? Ukimrushia jiwe, analipangusa vumbi na kukurudishia. Hasidi hana sababu, wanasema, lakini mimi nilikuwa nayo, tena ilikuwa inalala chumba cha pili ndani ya begi lenye zipu mbili.

Majira ya harusi yalipokaribia akaja Sabiha. Huyu ni mjukuu wa Begum Mahbubunisa, bibi mkubwa wa mtaa wa Moghalpura, na lazima niieleze nyumba hiyo kidogo. Sebuleni kwa Begum kuna ukuta mmoja hauna kitu ila picha za jalwa za binti zake na wajukuu zake. Wakati ule zilikuwa nne, na zote nne nilizipiga mimi. Kando ya ile ya nne kulikuwa na msumari mtupu ambao Begum aliupigilia mwenyewe, Sabiha akiwa bado anakwenda shule na mkoba mgongoni. Kila nilipokwenda pale kula Idi, Begum alinionyesha ule msumari kwa fimbo yake na kusema, "Tahniyat, usife kabla ya huo." Nami sikuwa na mpango wa kufa.

Sabiha akaketi, akavunja biskuti vipande vinne bila kuila, akasema, "Shangazi, mimi nataka jalwa ya jukwaani. Tutatumia wavu mwembamba badala ya shali, wageni wote waone. Halafu nilikuwa nawaza, labda dada Ghausia aipige kwa ile lenzi yake nyeupe? Wewe ukae na wageni, upumzike kidogo."

"Jalwa ya nyumba yenu naipiga mimi," nikasema.

"Sawa, shangazi. Kwa lenzi gani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama unavyomuuliza mtu atakuja kwa gari gani. Lakini lile swali nililala nalo, nikaamka nalo, na kesho yake nikauza bangili zangu mbili na kuteremka mtaa wa Koti, kwenye duka la kamera la Jagdish.

Nilitoka nyumbani na akili zangu timamu, hilo nataka lijulikane. Lenzi yangu fupi ilikuwa imezeeka, pete yake imelegea, na nia yangu ilikuwa kununua fupi nyingine mpya. Jagdish ananijua. Alitandika kitambaa chake cha kijani, akaiweka fupi mpya upande wa kushoto. Katikati akaweka ile ya wastani, ambayo hufanya kila kitu na haifanyi chochote vizuri. Halafu, kwa sababu mfanyabiashara ni mfanyabiashara, akaweka upande wa kulia dude jeusi lenye urefu wa mkono wangu mpaka kwenye kiwiko.

"Hiyo nini?"

"Hiyo si yako, dada. Ilikuwa ya bwana mmoja aliyekuwa akipiga picha za ndege ziwani. Macho yamemwisha."

"Ya Ghausia inafika ngapi?"

"Milimita mia mbili."

"Na hii?"

"Mia nne. Lakini dada Tahniyat, niambie kwanza kazi. Unataka kupiga nini?"

Nikaishika. Ilikuwa nzito, na uzito wake ulinifurahisha. Niliielekeza nje ya mlango, ng'ambo ya barabara, nikamvuta muuza maua mpaka nikahesabu nyuzi za shanga shingoni mwake. Akilini nikamwona Ghausia amesimama mlangoni mwa ukumbi na kile kitu chake cheupe, nami natokea nyuma yake na hiki.

"Nifungie," nikasema.

Bangili hazikutosha. Jagdish akakuna kichwa, nami kabla hajafungua mdomo nikafungua mkoba, nikaichomoa lenzi yangu fupi na kuiweka juu ya kile kitambaa cha kijani, doa lake jekundu likitazama juu. "Chukua na hii. Siihitaji tena. Jalwa siku hizi ni ya wavu."

"Una hakika?"

"Jagdish, wewe ni muuza duka au ni baba mkwe?"

Marehemu mama yangu angesema usiache mbachao kwa msala upitao, na angelisema mara tatu mpaka nikasirike. Mama hakuwepo.

Nyumbani nikagundua kwamba dude lile likishaingia kwenye mkoba wangu haibaki nafasi hata ya kitambaa. Kulikuwa na ile lenzi ndogo ya plastiki iliyokuja pamoja na kamera, nyepesi, ya kila siku, ambayo ningeweza kuitia mfukoni. Asubuhi ya harusi ya Sabiha niliishika, nikaipima mkononi, nikafikiria Ghausia akiniona nayo. Nikairudisha kabatini. Tulipopanda bajaji, yeye na begi lake kubwa, mimi na langu kubwa zaidi, aliutazama mkoba wangu muda mrefu.

"Wifi, hukubeba na ndogo?"

"Nimebeba ninachokihitaji."

"Sawa, wifi," akasema, akageuka kutazama barabara.

Harusi ilikuwa ya mchana, nyumbani kwa Begum, uani. Jukwaa lilikuwa tayari, wavu mweupe unapepea juu yake kwenye vijiti vya dhahabu. Nilipotoa lenzi yangu nilisikia mtu nyuma akisema, "Mama wee, hiyo ni kamera au bomba la maji?" Nikajifanya sikusikia, lakini nilifurahi. Ghausia alikuwa amepewa wageni, kwa hiyo alikaa upande wa wapishi akiwapiga picha watoto waliokuwa wakiiba karanga. Mimi nikasimama kule nyuma kabisa, karibu na mtungi wa maji, umbali wa kunitosha. Nikapima wavu, nikapima mwanga. Kila kitu kilikuwa safi. Ule msumari niliuona kama uko mkononi mwangu.

Ndoa ikafungwa. Bwana harusi, Imaduddin, akaletwa ndani kwa nderemo. Ndipo Begum Mahbubunisa alipotoka chumbani na fimbo yake, akalitazama jukwaa kuanzia chini mpaka juu.

"Hiki nini?"

"Wavu, Bibi," akasema Sabiha kutoka ndani ya mtandio. "Ili watu waone."

"Waone nini? Hiki ni chandarua. Chandarua ni cha mbu. Mjukuu wangu anaolewa au ana malaria?"

Wanawake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Sabiha akasema, "Bibi, tulishakubaliana," na Begum akasema, "Nilikubaliana na nani? Mimi sisikii vizuri." Akaagiza sanduku lake la mvule likafunguliwe. Ikatolewa shali ya zari, iliyotariziwa nyuzi za dhahabu, rangi ya zambarau iliyoiva, nzito kama zulia, ileile iliyomfunika yeye na binti zake wote. Maharusi wakateremshwa jukwaani wakaketishwa chini kwenye godoro, na shali ikawafunika mpaka sakafuni, hakuna tundu hata la sindano.

"Tahniyat," Begum akaita, "ingia, mwanangu. Ni ya tano hiyo."

Nilitembea ua mzima na dude langu. Niliijua shali ile kuliko mtu yeyote pale. Nilijua ndani yake kuna nafasi ya vichwa vitatu na kioo, na nilijua lenzi niliyoshika haioni kitu kilicho karibu kuliko hatua mbili. Nililijua hilo kule Koti dukani, na nililijua kwenye bajaji. Wivu ulikuwa umenizuia nisilitazame, basi.

Nikapiga magoti, nikaingiza kichwa, nikaingiza lenzi. Ilikwama kwenye maua ya Imaduddin.

"Shangazi," bwana harusi akanong'ona, macho ameyafumba, "kuna kitu kinanichoma sikio."

Sauti ilisikika nje, na kicheko kikapita ua wote. Nikajaribu kwa upande wa Sabiha. Nikajaribu kurudi nyuma, shali ikanifuata. Kwenye kamera hakukuwa na kitu ila ukungu mwekundu na ukungu wa dhahabu. Jasho liliniingia machoni. Kioo kilikuwa kimeshawekwa mapajani mwao, dua imeshasomwa, na wao wawili wamefumba macho wakingoja neno langu, maana kwa nyumba ile mpiga picha ndiye husema "fungueni."

"Bado?" akauliza Begum.

"Bado kidogo."

"Shangazi, shingo yangu," akanong'ona Sabiha.

Niseme ukweli. Niliwaza kudanganya. Ningesema "fungueni," ningebonyeza, ningetoka nikitabasamu, na kwa siku nne au tano hakuna ambaye angejua. Halafu ningesema kamera iliharibika, au kadi, au shetani. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

Mkono ukashika ukingo wa shali karibu na goti langu. Ghausia alikuwa amepiga magoti kando yangu, anahema kama mtu aliyekimbia. Lenzi nyeupe ilikuwa haipo. Kwenye kamera yake kulikuwa na lenzi fupi, nene, ukubwa wa kikombe cha chai, na pale inapokutana na kamera palikuwa na doa jekundu la rangi ya kucha.

"Wifi," akasema kwa sauti ya chini sana, "nishikie shali."

Mimi nilitazama lile doa, nikamtazama yeye, nikatamani ardhi impasukie yeye wala si mimi. Kisha nikatoka. Nikazunguka nyuma ya maharusi, nikainua shali kidogo juu ya vichwa vyao ili mwanga uingie, na wifi yangu akaingiza kichwa mahali pangu.

"Fungueni," akasema.

Sikuwatazama maharusi. Nilimtazama Ghausia tu, namna alivyobana kiwiko ubavuni na kushika pumzi kabla ya kubonyeza, vilevile nilivyomfundisha jikoni kwetu kwa kutumia bakuli la vitunguu. Alibonyeza mara tatu. Nje wakapiga vigelegele.

Tukapanda bajaji ya kurudi, tukafika darajani.

"Umeipata wapi?" nikauliza.

"Kwa Jagdish. Nilikwenda kununua betri, nikaiona kwenye kabati la kioo."

"Na hukuniambia."

"Ungenitazama vile."

"Vile vipi?"

Akafunga zipu ya begi lake. Nikakohoa, nikatengeneza mtandio wangu. "Basi niuzie."

"Hapana, wifi."

"Ghausia, ile ni lenzi yangu."

"Ilikuwa. Uliiuza." Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa alinitazama machoni bila kushusha yake. "Sikuinunua ili nikutunzie. Nimeinunua niitumie. Miaka yote wewe unaitwa chini ya shali na mimi nabaki nje na taa. Ile nyeupe nitakuazima ukitaka. Hii siitoi."

Dereva alikuwa ametega sikio mpaka akakosa kona. Kumbe ule wivu ulikuwa na chumba cha ndani zaidi ambacho sijawahi kukifungua: nilikaa mle garini nikiionea wivu lenzi yangu mwenyewe.

Siku ya pili aliniita mbele ya kompyuta. Picha mbili hazikuwa na tatizo wala maajabu. Kisha akaifungua ya tatu. Ilikuwa jalwa bora kuliko zangu zote nne, na nasema hivyo huku meno yananiuma. Kioo kilijaa. Sabiha alikuwa amefungua jicho moja kabla ya jingine, na Imaduddin, yule mwenye sikio lililochomwa, alikuwa na uso wa mtu aliyesahau jina lake. Na juu yao, kwenye pembe ya kioo, kulikuwa na mwanamke anayeinua shali.

Nimepiga nyuso za wanawake miaka kumi na tisa, na wenye choyo nawajua hata wakicheka. Wakwe nimewapiga, mawifi nimewapiga, wake wenza pia. Uso kama ule sikuwa nimeupata. Mdomo umebanwa, macho yamemkazia mtu ambaye haonekani kwenye picha, na mwanga wa zari umeumulika wote. Ndipo nikajua ni uso gani mtoto wa watu alikuwa akiumiminia chai kila asubuhi.

Ghausia alikuwa ameshaweka mshale kwenye pembe ile. Kukata ni kazi ya nukta mbili.

"Nikukate, wifi, au nikuache?"

Nikaweka kikombe changu cha chai chini.

"Ukikata, shali inaonekana imejiinua yenyewe," nikasema. "Niache."

Sasa inaning'inia kwenye ule msumari. Nilikwenda Idi hii kula kwa Begum, nikaketi mahali pangu pa siku zote, na mke wa jirani mpya alikuwa akizungushwa sebuleni kuonyeshwa ukuta. Kwenye ya tano alisimama kuliko zote. Akauliza imepigwa na nani, akaambiwa na Ghausia. Akasogea karibu zaidi, mpaka pua ikakaribia kioo.

"Na huyu wa pembeni, mwenye hasira, ni nani?"

Begum akainua fimbo yake, akaipitisha polepole juu ya zile nyingine.

"Huyo," akasema, "ndiye aliyepiga hizi nne."